MRI ya baba imeandikwa "kawaida", mbona anazidi kuanguka?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, tunaishi Tanga. Miaka miwili iliyopita alianza kuwa mzito wa kutembea na sauti yake ikashuka. Tukaambiwa ni Parkinson, akaanzishiwa dawa ya levodopa ya 250/25, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, lakini hatuoni mabadiliko. Hatetemeki sana. Kinachotutisha ni kuanguka. Tangu mwaka wa kwanza anaanguka chali, ghafla, hata akiwa amesimama tu anafungua mlango. Akila, mchuzi unamwagikia kanzu. Alipigwa MRI, majibu yakasema ubongo umesinyaa kulingana na umri, hakuna kiharusi wala uvimbe. Daktari mwingine akasema huenda si Parkinson yenyewe ila moja ya magonjwa yanayofanana nayo, na kwamba ipo picha inayoitwa DaT, labda tuifuate India. Kaka zangu wanataka kuuza kiwanja. Je, picha hiyo itatupa jina la ugonjwa? Na sisi watoto, tutaurithi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza mzee, na wape pole wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijaeleza lolote naomba kitu kimoja: kiwanja kisiuzwe bado. Picha za ubongo zina kazi kubwa, nami nimezitegemea miaka yote ya kazi yangu. Ila picha ya DaT inajibu swali ambalo kwa baba yako halina mgogoro tena, na lile mnalouliza ninyi huenda jibu lake limo kwenye bahasha ya MRI iliyolala kabatini.

Tuanze na hilo neno "kawaida", maana ndilo linalowachanganya watu wengi.

Ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari wa London aitwaye James Parkinson aliueleza mwaka 1817, huua seli katika kisehemu kidogo cheusi kilicho ndani ya ubongo wa kati. Kila mtu anavyo viwili, kulia na kushoto. Seli za hapo hutengeneza dopamini na kuifikisha kwenye kituo kinachoratibu mwendo, kiitwacho putameni. Dopamini ikipungua mwili unakuwa mzito: hatua zinafupika, mwandiko unakuwa mdogo, uso unakosa uchangamfu. Lakini seli zinazokufa ni chache mno ukizilinganisha na ubongo mzima, kwa hiyo umbo la ubongo linabaki vilevile. Ndiyo maana mgonjwa wa Parkinson akipigwa MRI ya kawaida majibu huja safi, na daktari wake hashangai. Aliagiza picha ile ili kuhakikisha hakuna kiharusi, uvimbe au maji yaliyojaa kichwani.

Sasa yapo magonjwa mengine yanayoiga Parkinson. Mgonjwa anakuwa mzito vilevile na anakakamaa vilevile, na miaka ya mwanzo hata bingwa anaweza kukosea. Mwaka 1992 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu 100 waliokuwa wameambiwa na mabingwa, wakati wa uhai wao, kwamba wana Parkinson. Ulipotazamwa kwa hadubini, ni watu 76 tu waliokuwa nayo kweli. Wengine walikuwa na magonjwa haya jamaa na mengineyo. Kwa hiyo aliyempima baba yako mwanzoni msimlaumu.

Tofauti kubwa ya magonjwa haya jamaa ni kwamba uharibifu wake ni mpana. Hayaishii kwenye kile kisehemu cheusi. Yanakula eneo zima la ubongo hadi linapungua ukubwa, na kitu kilichopungua ukubwa kinaweza kupimwa kwa rula. Hapo ndipo MRI ya kawaida, hiyohiyo mliyokwisha kuilipia, inapopata nguvu.

Sijamgusa baba yako kwa mikono yangu, na ugonjwa hauwezi kuthibitishwa kwa barua. Lakini mambo matatu katika maelezo yako yamenivuta. Anaanguka chali tangu mwaka wa kwanza. Hatetemeki sana. Na mchuzi unamwagikia kanzu. La tatu wengi hulichukulia kuwa ni uzee au mikono kukosa nguvu. Mimi nikilisikia huuliza habari za macho. Upo ugonjwa unaoitwa PSP, ulioelezwa mwaka 1964 na madaktari watatu wa Toronto, Steele, Richardson na Olszewski. Ndani yake protini iitwayo tau hujikusanya kwenye seli, hasa za ubongo wa kati, na hapo ndipo yalipo mamlaka ya kupeleka macho juu na chini. Mgonjwa haoni sahani iliyo chini ya kidevu chake. Kijiko anakipeleka kwa kukisia. Ngazi za kushuka zinamtisha kuliko za kupanda, kwa sababu hawezi kuona anapokanyaga.

Jaribu hili leo jioni. Keti mbele yake, mshike kidevu taratibu ili kichwa kisiinuke wala kuinama, inua kidole chako usawa wa macho yake, kisha kishushe polepole hadi usawa wa kifua. Kidole usikitazame, tazama macho yake. Je, yanashuka pamoja na kidole, au yanasita, yanakokota, yanakwama katikati? Kisha mwambie atazame dari, halafu miguu yake, harakaharaka. Katika PSP mara nyingi kasi ya macho hupotea kabla macho hayajagoma kabisa. Utakachokiona mwambie daktari wake.

Mgonjwa wa Parkinson naye huanguka, lakini kwa kawaida ni baada ya miaka mingi. Vigezo vya kimataifa vya kutambua Parkinson vilivyotolewa mwaka 2015 vinahesabu kuanguka mara kwa mara ndani ya miaka 3 ya mwanzo kuwa alama ya hatari, ya kumfanya daktari arudi nyuma na kujiuliza upya.

Turudi kwenye bahasha. Ndani ya MRI kuna picha za mikato mbalimbali. Tafuta ule mkato unaopita katikati ya kichwa, kama vile umepasua papai kwa urefu ukaweka nusu moja ikutazame kwa ubavu. Utaona pua, ulimi, shingo, na katikati kabisa shina la ubongo likishuka kuelekea uti wa mgongo. Shina hilo lina kitumbo kilichovimbia mbele. Hicho ni ponsi. Juu yake kuna sehemu fupi, nyembamba zaidi. Huo ndio ubongo wa kati. Kwa mtu mzima wa afya, mgongo wa juu wa ubongo wa kati umevimba kidogo kama kilima. Kwa mgonjwa wa PSP kilima kile kinalala, kinakuwa tambarare au kinabonyea kabisa, na ncha yake ya mbele inachongoka kama mdomo wa ndege. Madaktari waliipa alama hiyo jina la kindege kidogo cha Amerika ambacho kwetu hakipo. Wa kwetu anayefanana naye ni chozi, yule anayefyonza maua kwa mdomo wake mrefu. Ubongo wa kati uliosinyaa ni kichwa na mdomo wa chozi, na ponsi ambayo haijaguswa ni tumbo lake. Ukishamwona mara moja, hutamsahau.

Lakini jicho pekee hudanganya, kwa hiyo tunapima. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2005 vipimo vya eneo la ubongo wa kati katika mkato huo. Kwa wazee wasio na ugonjwa wastani ulikuwa karibu milimita za mraba 118, kwa wagonjwa wa Parkinson karibu 103, na kwa wa PSP 56 tu. Hiyo ni nusu imepotea! Mwaka 2013 timu ya London ilitumia njia nyepesi zaidi. Walipima unene wa ubongo wa kati na wa ponsi kwa mistari miwili, kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulithibitishwa baada ya kifo. Ubongo wa kati chini ya milimita 9.35, au uwiano wake na ponsi chini ya 0.52, ulielekeza kwa nguvu kwenye PSP. Wataliano wakiongozwa na Aldo Quattrone walikuwa wamekwisha kutoa hesabu yao mwaka 2008, inayojumlisha pia unene wa mafungu ya nyuzi za neva yanayounganisha shina na ubongo mdogo. Hesabu hiyo ni ngumu kidogo, ila mtaalamu wa radiolojia, yaani msomaji wa picha hizi, akiwa na subira anaifanya kwa dakika chache. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku yake) inatosha kwa vipimo vyote hivi.

Utauliza, basi mbona ripoti haikusema? Nikupe kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwagizia MRI mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akianguka chali kama baba yako. Fomu niliijaza jioni, foleni ikiwa bado ndefu mlangoni, nikaandika maneno mawili: "Kizunguzungu, udhaifu." Ripoti ikarudi kama yenu, kusinyaa kwa umri, hakuna kiharusi. Miezi saba baadaye, mama yule akiwa amekwisha kuvunjika mkono, niliichukua picha ileile nikaingia nayo kwenye chumba cha kusomea. Nikamweleza mwenzangu wa radiolojia: anaanguka nyuma, macho hayashuki. Hakujibu neno. Akauita ule mkato wa katikati kwenye skrini, akauvuta karibu, akaweka alama ya kwanza ukingoni mwa ubongo wa kati na ya pili upande wa pili. Namba ikajitokeza: milimita 8 na kidogo. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, kisha akaniambia, "Daktari, ungeniandikia hivyo siku ile." Picha ilikuwa ileile, mashine ileile, msomaji yuleyule. Swali ndilo lililobadilika. Tangu siku hiyo fomu zangu huandikwa mistari minne au mitano, foleni iwe ndefu namna gani.

Niweke na tahadhari. PSP ikiwa changa, ubongo wa kati unaweza kuwa bado haujapungua kiasi cha kupimika, na zipo aina za ugonjwa huu ambazo dalili huanzia kwingine na picha huchelewa. Pia mtu mwenye maji mengi kichwani anaweza kuonyesha ubongo wa kati uliobonyea bila kuwa na PSP. Kwa hiyo kipimo kikiwa kidogo, kinamtia nguvu daktari aliyekwisha kuona macho na mwendo. Kikiwa cha kawaida, hakimfutii baba yako PSP.

Jamaa wa pili ni MSA. Huyu hujionyesha kwa presha inayoporomoka mzee akisimama, mkojo usiozuilika au usiotoka, na wakati mwingine mwendo wa kuyumba kama wa mlevi. Kwenye picha, ponsi iliyokatwa kwa upana inaweza kuonyesha msalaba mweupe, unaofanana na ule uliochorwa juu ya mikate midogo ambayo Waingereza hula wakati wa Pasaka. Nyuzi zinazovuka ponsi zimekufa, nafasi yake ikang'aa. Putameni nayo husinyaa. Hapa msomaji awe mwangalifu: katika mashine yenye nguvu ya tesla 3, utepe mweupe ukingoni mwa putameni huonekana hata kwa watu wazima wa afya. Jamaa wa tatu, anayejulikana kwa kifupi CBD, hushika upande mmoja sana. Mkono mmoja unakataa amri, mgonjwa anauona kama si wake, na MRI huonyesha upande mmoja wa tabaka la juu la ubongo umesinyaa kuliko mwingine. Kwa maelezo yako, baba yako sioni akielekea huko.

Sasa hiyo DaT. Mgonjwa anadungwa dawa yenye iodini ya mionzi, anasubiri saa 3 hadi 6, kisha analala chini ya kamera inayozunguka kichwa. Dawa ile hunata kwenye ncha za nyuzi zinazoleta dopamini. Kwa mtu asiye na ugonjwa picha huonyesha alama mbili zinazong'aa, kila moja ina kichwa na mkia kama alama ya mkato katika maandishi. Nyuzi zikifa, mkia unatoweka kwanza na mkato unageuka nukta. Picha nzuri sana, na Ulaya waliiidhinisha mwaka 2000, Marekani mwaka 2011. Lakini fikiria inachouliza: je, nyuzi za dopamini zimepungua? Katika Parkinson zimepungua. Katika PSP zimepungua. Katika MSA zimepungua. Mngeuza kiwanja, mkampandisha ndege mzee asiyeweza kusimama peke yake, mkarudi na karatasi inayosema "zimepungua". Jina la ugonjwa mngekuwa hamjalipata.

Hali hiyohiyo iko kwenye MRI ya kisasa ya kutazama kile kisehemu cheusi chenyewe. Kwa mtu wa afya, ndani yake huonekana umbo kama mkia wa mbayuwayu. Katika Parkinson mkia hupotea, na kwa jamaa zake nao mara nyingi hupotea. Picha inakuambia kuna ugonjwa. Haikuambii ni upi.

Nami huitamani DaT pale ninapobishana na nafsi yangu kama mgonjwa ana ugonjwa wa dopamini au hana kabisa. Mtu anayetetemeka mikono akishika kikombe lakini hana uzito wa mwendo, kwa mfano. Au aliyekakamaa kwa sababu ya dawa. Na hapa naomba mkusanye dawa zote za baba yako, hata zile za duka la mtaani, mziweke kwenye mfuko mmoja na kumpelekea daktari. Mzee akianguka, mara nyingi mtu humpa dawa ya kizunguzungu, na mojawapo ni sinarizini. Dawa hiyo huzuia dopamini isifanye kazi, ikamwongezea uzito uleule uliomwangusha. Metoklopramidi ya kichefuchefu hufanya hivyohivyo, na haloperidoli ya magonjwa ya akili ni kali zaidi. Nimewaona wazee walioitwa wagonjwa wa Parkinson kwa mwaka mzima, wakasimama vizuri miezi michache baada ya kidonge kimoja kuondolewa. Lakini msiachishe chochote kabla daktari hajasema.

Kama MRI ikisomwa upya na jibu likabaki na utata, picha ambayo ingeweza kusaidia zaidi ni PET ya sukari. Hupima ni sehemu gani ya ubongo inakula sukari na ipi imelala. Katika PSP, ubongo wa kati na sehemu za mbele hufifia. Katika MSA, putameni na ubongo mdogo. Katika Parkinson, putameni hubaki inawaka. Shida ni kwamba florini ya mionzi inayotumika hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo lazima itengenezwe jirani na mashine. Mashine za PET zipo Nairobi, ila hutumika zaidi kwa saratani, na kuusoma ubongo wa mgonjwa wa aina hii kunahitaji mtu aliyezoea. Wajapani hutumia sana picha ya moyo badala ya ubongo: katika Parkinson neva za moyo nazo huathirika na picha hufifia, ilhali katika PSP na MSA kwa kawaida hubaki. Ipo pia altrasaundi ya kichwa, ambayo Wajerumani waliionyesha mwaka 1995, na ni ya gharama nafuu, lakini kwa watu wengine mfupa wa panja ni mnene na mawimbi hayapiti. Na mwaka 2023 watafiti wa Lund, Sweden, walichapisha picha za PET zinazoonyesha protini yenyewe inayoharibu ubongo katika MSA. Hilo linanipa matumaini makubwa, ingawa bado ni la maabara za utafiti.

Kuna kipimo kingine ambacho baba yako hajapewa kikamilifu, na hakihitaji mashine. Ni levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Umeniambia anameza nusu asubuhi na nusu jioni. Kidonge kizima kina miligramu 250 za levodopa, kwa hiyo hiyo ni miligramu 250 kwa siku. Vile vigezo vya 2015 vinataka angalau miligramu 600 kwa siku kabla mtu hajatamka kwamba dawa haikufanya kazi, na wengi wetu hupanda taratibu hadi 1,000 ikiwa mgonjwa anavumilia. Kwa hiyo hamjajua bado kama dawa imeshindwa. Mnachojua ni kwamba dozi ndogo haikutosha. Parkinson hujibu vizuri dozi ikifika. PSP hujibu kidogo au haijibu. Jibu hilo lina uzito sawa na picha yoyote. Dozi apandishe daktari, kwa hatua, kwa sababu inaweza kushusha presha, kuleta kichefuchefu, hata kumfanya mzee aone watu wasiokuwepo. Ninyi hakikisheni anameza nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, samaki na maharage hushindana na dawa kuingia mwilini.

Wala hamko peke yenu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu zaidi ya 161,000, wakachapisha mwaka 2008: waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wala kupewa dawa. Kila ninapomwona mzee anayeletwa na watoto wake na bahasha mkononi, nawafikiria wale ambao hakuna aliyewaleta.

Kwa hiyo hivi ndivyo ningefanya kama angekuwa baba yangu. Nendeni mlikopiga MRI mwombe CD yenye picha zote. Karatasi za filamu pekee hazitoshi kupimia. CD isafiri kwa basi hadi kwa mtaalamu wa radiolojia anayezoea ubongo, baba abaki nyumbani. Pamoja nayo iende barua ya daktari wenu iliyoandikwa wazi: miaka 68, uzito wa mwendo miaka miwili, anaanguka chali tangu mwaka wa kwanza, na hali ya macho kama daktari alivyoiona; tafadhali pima ubongo wa kati na ponsi katika mkato wa katikati, tazama ponsi kwa upana, tazama putameni. Mwombeni pia atazame vyumba vya maji ya ubongo. Mzee mwenye nyayo zinazonata sakafuni, mkojo unaomtoka na usahaulifu anaweza kuwa na maji yaliyozidi, hali iliyoelezwa mwaka 1965, na hiyo ina tiba: hutolewa mililita 30 hadi 50 za maji mgongoni, mwendo ukatazamwa kabla na baada, na ukipata nafuu daktari wa upasuaji huweka mrija. Nisingependa ipite bila kutazamwa.

Mrekodini kwa simu akitembea, akigeuka, akiinuka kitini, na yale macho yakifuata kidole. Video ya dakika mbili iliyopigwa nyumbani imenisaidia mara nyingi kuliko nusu saa ya mazungumzo.

Hapo nyumbani msisubiri jina. Sahani yake iwekeni juu ya kigoda au sanduku, iinuke hadi macho yake yaifikie. Mtashangaa mchuzi utakavyopungua kanzuni. Ale ameketi wima, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo anapomeza. Akikohoa kila akinywa maji, mwambieni daktari mapema, kwa sababu maji yanayopotea njia huishia kwenye mapafu na kuleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowachukua wengi wenye PSP. Anapotembea, anayemsindikiza asimvute kwa mkono kutoka mbele. Akae nyuma yake kwa ubavuni, kwa sababu huko ndiko anakoangukia. Ondoeni mkeka ulio mlangoni.

Kama itakuwa PSP, tiba ya kuisimamisha haijapatikana, na sitakuficha hilo. Lakini jina sahihi litawazuia kulipia upasuaji wa kuweka nyaya za umeme kwenye ubongo, ambao husaidia baadhi ya wagonjwa wa Parkinson na hausaidii PSP. Litaelekeza nguvu zenu kwenye kumeza na kuanguka.

Kuhusu kurithi: PSP na MSA, katika familia nyingi mno, hutokea kwa mtu mmoja tu na haziendi kwa watoto. Hata Parkinson kwa wengi hairithiwi moja kwa moja. Kama hakuna mjomba, shangazi au babu aliyekuwa na hali kama hii, waambie kaka zako walale usingizi.

CD ikisomwa, niandikie namba mbili, unene wa ubongo wa kati na wa ponsi, kwa milimita, pamoja na dozi ya levodopa aliyofikia wakati huo na jinsi anavyotembea. Ukinipa hayo nitakuambia kama PET inastahili safari, au baba akae zake nyumbani Tanga.